Kusoma uamuzi wa Marekani uliotupilia mbali kesi ya kufadhili ugaidi

Wiki jana nilikaa na mama mmoja wa Kisauni. Mumewe aliumia kwenye bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Mama huyo alikuwa ametumiwa kwa WhatsApp uamuzi wa kesi ambayo majeruhi waliidai benki ya Ufaransa kuhusu bomu hilo, akaniuliza, "Mwanangu, yaani benki haina makosa?" Uamuzi haukusema hivyo. Tuliusoma hivi.

1. Pata uamuzi wenyewe, usitegemee gazeti. CourtListener, tovuti ya hukumu za Marekani, ni bure. Wetu ni Owens dhidi ya BNP Paribas, mahakama ya rufaa ya Washington, 2018. Uchapishe saiba, kwenye simu utapotea.

2. Angalia wadai ni nani. Sheria ya Marekani ya kupambana na ugaidi inawapa haki ya kudai fidia raia wa Marekani. Mkenya aliyeumia palepale haimfikii, na hilo mwambie mtu mapema.

3. Tenganisha madai na yaliyothibitishwa. Hapa usiharakishe. Nilipotafsiri uamuzi wa namna hii mara ya kwanza, niliandika "benki ilipeleka pesa" mahali pa "wadai wanasema benki ilipeleka pesa". Nilirudia kazi kutwa nzima, na familia ilikuwa imeshafurahi bure. Kesi ikitupwa mapema namna hii, hakuna shahidi aliyepanda kizimbani. Jaji anayachukulia maelezo ya mdai kana kwamba ni kweli, kisha anauliza: yakiwa kweli, yanatosha? Kwa hiyo kila penye neno "alleged", yaani "inadaiwa", piga mstari mwekundu.

Lakini angalia mambo mawili. Kwanza, hitimisho tupu halipokelewi. "Benki ilifadhili ugaidi" bila kueleza vipi halina uzito. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema hivyo katika kesi ya Iqbal, 2009. Pili, mengine si madai tena. BNP Paribas ilikiri kosa mwaka 2014 na kulipa karibu dola bilioni 9. Kosa lenyewe lilikuwa kuvunja vikwazo dhidi ya Sudan, Iran na Cuba. Mama alidhani kukiri huko ni kukiri bomu. Ni vitu viwili.

4. Chora mnyororo kwa kalamu ya buluu: benki ya Ufaransa, benki za Sudan, serikali ya Sudan, al-Qaeda, bomu. Weka alama pale jaji alipouona umekatika. Hapa ni kati ya Sudan na al-Qaeda: wadai hawakueleza vya kutosha kwamba pesa zilizopitia benki hiyo ndizo zilizofika kwa walipuaji. Serikali ina matumizi mengi. Mama aliweka kidole hapo, akanyamaza kitambo.

5. Linganisha tarehe. Sheria ya JASTA ya 2016 inaruhusu kumdai aliyesaidia, ila kundi lililoshambulia lazima liwe lilikuwa tayari kwenye orodha ya Marekani ya makundi ya kigaidi siku ya shambulio. Al-Qaeda iliingizwa Oktoba 1999, miezi 14 baada ya bomu.

6. Uamuzi wa kabla ya tarehe 18 Mei 2023 usome pamoja na uamuzi wa kesi ya Twitter dhidi ya Taamneh. Siku hiyo Mahakama ya Juu ilieleza kwa kauli moja ni msaada gani unaohesabika.

7. Usichanganye na kesi dhidi ya serikali ya Sudan yenyewe. Ile ni nyingine, na humo Wakenya waliofanya kazi ubalozini walisikilizwa. Mume wa yule mama alikuwa dereva pale, kwa hiyo karatasi za ajira yake ndizo tunazozitafuta sasa.