Kuandikisha darasa dogo la kompyuta Lubumbashi: maliza kwanza jina na anwani

Ukitaka kufundisha watu kompyuta ya kila siku hapa Lubumbashi, yaani kuandika barua, kupanga hesabu kwenye jedwali, kufungua barua pepe, kutuma maombi ya kazi kwenye makampuni ya migodi, mashine na wanafunzi utavipata. Kitakachokula pesa yako ni karatasi, na katika karatasi ni mambo mawili: jina lako na anwani ya chumba. Nimetoka kupita njia hiyo. Nililipa kodi ya chumba kilichofungwa huku dosie ikizunguka maofisini, na sitaki mwingine ayapate hayo.

Kwanza chagua unaingia kwa mlango gani. Patenti ni kibali cha biashara ndogo chini ya sheria ya 1979, hupewa raia wa Kongo tu, na huchukuliwa upya kila mwaka. Wengi huanzia hapo. Lakini shirika, shule au parokia ikitaka uwafundishe wafanyakazi wake, itakuomba ankara yenye numero ya RCCM, yaani rejista ya biashara, na numero ya mlipakodi, na bila hizo kazi inakwenda kwa mwingine. Ndiyo sababu nashauri RCCM tangu mwanzo, kwa jina la établissement, biashara ya mtu mmoja. Habari ya SARL, yaani kampuni yenye dhima yenye mipaka, iache mpaka upate mshirika.

Mahali pa kwenda ni Guichet Unique, dirisha moja la serikali la kuandikisha biashara, iliyoundwa mwaka 2012, mwaka uleule Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Pale dosie moja inakupatia RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara na numero ya mlipakodi. Fomu yenyewe si ngumu.

Ugumu uko kwenye jina. Weka kadi ya mpiga kura, cheti cha kuzaliwa na hati ya makazi mezani, usome herufi kwa herufi: jina, postnom (jina la pili), prénom (jina la kwanza kama la ubatizo). Kadi inaandika Ngoy, cheti kinaandika Ngoie. Kadi ina postnom, cheti hakina. Au postnom imekaa mahali pa jina. Kwako wewe ni mtu mmoja, kwa karani ni watu wawili. Mimi ofisi moja ilipokea dosie yangu, ikapiga muhuri wa kupokea, ikanipa siku ya kurudi, na siku hiyo ndipo nikaambiwa herufi moja ya postnom hailingani. Hakuna aliyenionyesha siku ya kwanza, ingawa karatasi zote zilikuwa mbele yake. Kwa hiyo usiondoke dirishani kabla hujamwomba karani, kwa heshima, alinganishe majina mbele yako. Mwambie: «Mama, naomba utazame kama majina yanafanana yote.» Dakika hizo chache zitakuokolea mwezi wa kodi ya chumba. Kama hayafanani, nenda kwanza komini kwenye ofisi ya hali ya raia, usawazishe, ndipo urudi.

Anwani ndiyo ya pili, na hii ianze hata kabla ya garanti, yaani amana, ya chumba. Mkataba wa kupanga uandike avenyu, numero, kartie na komini, na utiwe sahihi na mwenye nyumba mwenyewe, si mpwa wake anayekusanya kodi. Parseli nyingi katika komini za Katuba na Kenya hapa mjini utakuta numero moja imepakwa kwenye geti na nyingine iko kwenye hati ya kiwanja. Andika ile ya hati. Halafu nenda chumbani jioni, saa watu wanapika, uone umeme wa SNEL, shirika la umeme, unavyofika: taa zinawaka vizuri au zinafifia? Umeme una laini yake au umeunganishwa na wa jirani? Ukishaandikishwa, kila badiliko la anwani linakudai ombi la marekebisho ndani ya siku 30, na ombi hilo lina karatasi zake na malipo yake. Chumba kisichobeba kompyuta tano ukijue mapema.

Kwenye mstari wa shughuli usiandike «mafunzo» peke yake. Andika mafunzo ya kompyuta, kuandika na kuchapisha hati, fotokopi, kuuza vifaa vya ofisi. Mwezi ambao wanafunzi ni wachache, fotokopi ndiyo italipa kodi ya chumba, na lazima iwe imeandikwa.

Rekodi ya mahakama, hati ya kuonyesha kama umewahi kuhukumiwa, nayo inatakiwa kwenye dosie, lakini isikucheleweshe. Sheria ya OHADA inakuruhusu kutoa tamko la heshima lenye sahihi yako, kisha ulete hati yenyewe ndani ya siku 75 tangu kuandikishwa. Atakayekuambia dosie haipokelewi bila hiyo, mwombe kwa upole aangalie sheria. Malipo yapitie benki, nawe ubaki na bordero, risiti ya benki. Komisionere, dalali, wa getini anayesema atakulipia hana karatasi ya kukupa.

Kwa upande wa kodi ya serikali, sheria ya 2013 iliweka hivi: mapato ya mwaka yasiyozidi franka milioni 10, unalipa franka 50,000 kwa mkupuo, kati ya milioni 10 na milioni 80, asilimia 2 kwa huduma na asilimia 1 kwa bidhaa. Uliza DGI, ofisi ya kodi ya serikali, kiwango cha mwaka huu kabla ya kulipa. Fungua daftari siku ya kwanza, huduma ukurasa wake na bidhaa ukurasa wake, kwa kuwa hazikatwi sawa.

Ukishatundika kibao, maajenti watakuja. Yeyote anayekuja kukagua mwombe ordre de mission, barua ya kutumwa kazini, soma jina na tarehe, mwonyeshe nakala na si hati asili, wala usilipe mkononi.

La mwisho ni vyeti. RCCM inakuruhusu kufanya biashara, haikuruhusu kutoa diploma. Bila kibali cha wizara ya mafunzo ya ufundi, mpe mwanafunzi hati ya kuhudhuria tu, uandike saa alizosoma na alichojifunza, na umweleze hivyo siku anapojiandikisha, kabla hajalipa.