Somo: Kwenda kwenye chakula cha jioni cha kuchangia chama cha siasa bila kurudi na deni

Kila mwaka msimu huu ukifika simu yangu haipoi. "Mkuu, nivae nini?" "Mkuu, kadi moja inaingiza wangapi?" Naandika mara moja, mjisomee.

1. Lipia tiketi kwenye akaunti ya chama chenyewe, siyo kwa mtu anayekuambia "nipe mimi nitakuwekea". Dai stakabadhi yenye jina lako.

2. Kadi ikisema mtu mmoja, ni mmoja.

3. Mavazi yameandikwa kwenye kadi.

4. Fika kabla ya mgeni rasmi. Akishaingia, milango hufungwa, utabaki nje na tiketi yako mkononi.

5. Kula kitu nyumbani. Hotuba hutangulia chakula, na hotuba hazina saa.

6. Ahadi. Hapa tukae kidogo. Mwaka wangu wa kwanza mshereheshaji alipita meza kwa meza na maikrofoni. Jirani yangu akataja kiasi chake, ukumbi ukalipuka kwa makofi, mwenyekiti akainuka kidogo kitini kumpungia. Maikrofoni ikaja kwangu. Kiasi changu nilikuwa nimekipanga tangu nyumbani. Nilipofungua mdomo, nikataja mara tatu yake. Makofi yalidumu labda sekunde kumi. Kisha binti wa sekretarieti akaniwekea fomu, kalamu imefungwa kwa kamba: jina, simu, kiasi kwa tarakimu, kiasi kwa maneno, tarehe ya kukamilisha. Pale kwenye "kwa maneno" mkono ulitetemeka. Nililipa miezi minane, na kila tarehe mosi mweka hazina alinipigia kunijulia hali.

Kwa hiyo andika kiasi chako kwenye kikaratasi ukiwa nyumbani, mwenzio akione. Maikrofoni ikija, soma kilichoandikwa. Usiseme "nitaongeza baadaye", maana na hilo huandikwa. Usimwahidie mtu ambaye hayupo. Wakati wa mnada, kibao chako cha namba kilale mezani kifudifudi. Nimeona mtu akimpungia shemeji yake nacho, akaondoka na picha kubwa ya kuchora ambayo haikuenea kwenye gari.

7. Picha na viongozi ni baada ya kula. Usimvamie mtu kijiko kikiwa mdomoni.

MASWALI

— Mkuu, mavazi ni yapi?

Namba 3.

— Bosi wangu anataka kunipa hela nilipie meza nzima kwa jina langu, yeye asionekane. Kuna shida?

Ipo. Nchi nyingi sheria hutaka mchangiaji ajulikane. Marekani, kwa mfano, kuchangia kwa jina la mtu mwingine kumekatazwa kabisa. Bosi abaki na hela zake, au alipe kwa jina lake.

— Lakini hicho ni chakula tu, siyo mchango. Unakuza mambo.

Sikuzi chochote. Huko huko Marekani bei yote ya tiketi huhesabiwa mchango, hata kama sahani umeilamba. Soma sheria ya kwenu kwanza, ndipo uje tubishane.

— Samahani kaka, chama hubaki na nini hasa? Tiketi yangu inajenga chama au inalipa wapishi?

Swali zuri, dada. Tiketi za kawaida mara nyingi huishia kwenye ukumbi, chakula na vyombo vya muziki. Hela ya chama hutoka kwenye meza za wafadhili, mnada wa vitu vilivyotolewa bure, na zile ahadi. Ndiyo maana kamati huhangaika kutafuta mshereheshaji kuliko mpishi. Kama mfuko wako ni mdogo, toa kitu cha mnada, au jitolee kupokea wageni mlangoni. Na hesabu zikifungwa, ziulizie kwenye kikao. Usione haya, ni chama chako.

— Nyongeza: viatu vipya msivae. Mtasimama kwa wimbo wa chama, msimame kwa mgeni rasmi, msimame tena akiondoka.

Kweli tupu. Ningeiweka kuwa namba 8.

— Kadi moja inaingiza wangapi?

Ndugu yangu.

— Na nikishaahidi nikashindwa?

Mpigie mweka hazina kabla hajakupigia, umwombe ulipe kidogo kidogo. Miezi yangu minane niliipata hivyo. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika miwili.