Jinsi ya kupanga ratiba ya ligi ya vyuo isiyombeba mtu

Mwongozo huu ni wa kamati ya michezo iliyokaa na majina ya vyuo nane, kalenda ya muhula na bajeti ya usafiri isiyotosha. Kinachotafutwa ni kimoja: siku ya mwisho, msimamo wa ligi uonyeshe nani alicheza vizuri zaidi, si nani alipangiwa vibonde. Msimamo hulinganisha timu kwa haki pale tu timu hizo zilipokutana na wapinzani walewale, au angalau wapinzani wa uzito uleule. Hilo likikosekana, pointi zinakuwa zinapima ratiba.

Ukitaka kuona ratiba ikiamua ubingwa, tazama mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Huko vyuo hucheza ndani ya makundi makubwa yanayoitwa konferensi, na makundi hayo yamekua kuliko idadi ya wikendi zilizopo. Konferensi ya Big Ten ina timu 18 tangu 2024, lakini kila timu inacheza mechi 9 tu za konferensi. Kati ya wapinzani wake 17, wanane haiwaoni kabisa msimu huo. Mwaka huo wa 2024 Indiana ilimaliza msimu wa kawaida na ushindi 11 na kipigo kimoja bila kukutana na Oregon wala Penn State, timu mbili zilizokwenda kucheza fainali ya konferensi. Indiana haikuwa na kosa, ilicheza na waliopangwa. Lakini nani angeweza kusema kwa uhakika iko juu au chini ya Penn State?

Yaliyotokea ACC, konferensi nyingine, mwaka 2025 yanafundisha zaidi. Timu 17, mechi 8 za konferensi kwa kila timu. Virginia iliongoza, na nyuma yake timu tano zikalingana kwa ushindi 6 na vipigo 2: Duke, Miami, Georgia Tech, Pittsburgh na SMU. Georgia Tech ilikuwa imeifunga Duke, ila matokeo hayo hayakutumika kwa sababu si timu zote tano zilizokuwa zimekutana zenyewe kwa zenyewe. Ikabidi kuangalia wapinzani wa kila timu walishinda kiasi gani ndani ya konferensi. Duke, iliyokuwa na ushindi 7 na vipigo 5 msimu mzima, ikaenda fainali na kuifunga Virginia 27–20 katika muda wa nyongeza. Miami yenye ushindi 10 na vipigo 2 haikuiona fainali hiyo. Hakuna kanuni iliyovunjwa hapo. Tatizo lilikuwa limeshapandwa siku ratiba ilipotoka.

Sisi hulipanda tatizo hilohilo kamati inaposema, "Timu ni nyingi, kila mmoja acheze na watano tu, mwenye pointi nyingi ndiye bingwa." Usikubali hilo kabla hujahesabu.

Hesabu siku kwanza

Timu zote zikikutana mara moja, zidisha idadi ya timu kwa idadi hiyo pungufu moja, kisha gawa kwa mbili. Timu 8 ni mechi 28 katika raundi 7. Timu 10 ni mechi 45, raundi 9. Timu 12 ni mechi 66, raundi 11.

Chukua kalenda ya muhula ya kila chuo, si ya chuo mwenyeji peke yake. Futa wiki ya usajili, wiki za majaribio na wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho. Vyuo vya afya na vya ualimu viulize pia tarehe za mafunzo kwa vitendo, maana nusu ya kikosi inaweza kuwa wodini au mashuleni. Kisha weka wikendi mbili za akiba, na kama ligi inaangukia masika, Machi hadi Mei, weka tatu. Kiwanja cha udongo kikijaa maji Jumamosi, hata Jumapili hakichezeki. Wikendi zinazobaki zikifika 7, timu 8 zinakutana zote na huna sababu ya kutafuta njia ya mkato.

Kutengeneza raundi

Andika namba katika mistari miwili, 1 2 3 4 juu, na 8 7 6 5 chini yake. Aliye juu anacheza na aliye chini yake: hiyo ni raundi ya kwanza. Kwa raundi inayofuata namba 1 hahami. Wengine wote wanasogea nafasi moja kufuata mshale wa saa, yaani 8 anapanda kukaa pembeni ya 1, na 4 anashuka. Rudia hadi raundi 7.

Wenyeji wapatikane hivi, safu zikihesabiwa wima kutoka kushoto: safu ya pili mwenyeji ni wa chini, safu ya tatu ni wa juu, safu ya nne ni wa chini. Safu ya kwanza, namba 1 anaanza ugenini, kisha nyumbani, anaendelea kubadilisha hivyo. Ukifuata sawasawa unapata orodha hii, mwenyeji akitajwa kwanza:

Raundi 1: 8–1, 7–2, 3–6, 5–4
Raundi 2: 1–7, 6–8, 2–5, 4–3
Raundi 3: 6–1, 5–7, 8–4, 3–2
Raundi 4: 1–5, 4–6, 7–3, 2–8
Raundi 5: 4–1, 3–5, 6–2, 8–7
Raundi 6: 1–3, 2–4, 5–8, 7–6
Raundi 7: 2–1, 8–3, 4–7, 6–5

Kila timu ina mechi 3 au 4 nyumbani, na hakuna inayokaa nyumbani au ugenini mara tatu mfululizo. Mkicheza duru la pili, geuza wenyeji tu.

Nani apewe namba gani

Hapa ndipo kamati nyingi zinapoteleza, kwa kudhani kura ya karatasi kofiani inamaliza kila kitu. Fuatilia timu namba 8 kwenye orodha. Raundi ya 3 inacheza na 4, na raundi ya 4 huyo namba 4 anakutana na 6. Raundi ya 4 inacheza na 2, na raundi ya 5 namba 2 anakutana na 6. Kisha 7, halafu 5, na kila mara anayefuata kukutana nao ni 6. Mara nne mfululizo namba 6 anapokea mpinzani aliyetoka kupambana na namba 8 siku chache nyuma. Kama namba 8 ndiyo timu ngumu kuliko zote, inayochosha na kuwaachia wapinzani majeruhi na kadi, basi namba 6 amebebwa bila yeyote kukusudia.

Dawa ni kumpa bingwa mtetezi namba 1. Wanaotoka kucheza na namba 1 wanasambaa: katika raundi ya 2 hadi ya 7 wanaangukia kwa 6, 5, 4, 3, 2 na 8, kila mmoja mara moja, ni 7 pekee anayekosa. Tena, kwa kuwa namba 1 anaanza ugenini, bingwa anapata mechi 3 za nyumbani badala ya 4.

Timu zikiwa 7, namba ya nane ni ya mapumziko. Iweke nafasi ya 1, usiiweke ya 8, la sivyo kuna timu itakayokutana mara nne na wapinzani waliotoka kupumzika. Ukifanya hivyo kila timu inapata mechi 3 nyumbani na 3 ugenini. Atakayepumzika siku ya mwisho ni namba 2, kwa hiyo namba hiyo itolewe kwa kura mbele ya wawakilishi wote.

Chuo cha kisiwani, kama Murutunguru kule Ukerewe, kinahitaji hesabu yake. Kuja mjini ni meli ya Nansio–Mwanza, au kuvuka kwa kivuko cha Rugezi–Kisorya na kuzunguka barabara ya Bunda. Kikosi kikienda na kurudi kila wiki kinamaliza nauli na miguu. Kipe namba 7, ambayo ina mechi mbili za ugenini mfululizo, raundi ya 2 na ya 3. Panga raundi ya 2 Jumamosi na ya 3 Jumanne, safari iwe moja. Lakini timu zote za ligi zicheze Jumamosi na Jumanne hiyo. Ukiwabana watu wa kisiwani peke yao, umewapa mechi mbili ndani ya siku nne huku mpinzani wao amepumzika wiki nzima. Vyuo vya kisiwani vikiwa viwili, cha pili kichukue namba 5, raundi ya 4 na ya 5. Timu ya Sengerema siku hizi haihitaji msaada huu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, foleni ya kivuko si kisingizio tena.

Mkitumia kiwanja kimoja kwa wote, unyumbani unapungua uzito na saa ya kuanza inachukua nafasi yake. Nyasi bandia za uwanja wa Nyamagana, Mwanza, saa nane mchana zinaunguza nyayo, na saa kumi ni mchezo mwingine kabisa. Tengeneza jedwali dogo la timu na idadi ya mechi zake za saa nane. Tofauti kati ya timu yoyote na nyingine isizidi moja.

Timu zikizidi siku

Timu 12 na wikendi 6 tu? Makundi mawili ya timu 6, raundi 5, kisha fainali ya washindi wa makundi katika wikendi ya sita ni njia safi, kwa sababu ndani ya kundi wote wamekutana. Wagawe kwa nafasi za msimu uliopita, wa 1 na wa 2 wasikae kundi moja, wa 3 na wa 4 vivyo hivyo.

Mkilazimika kuwa na msimamo mmoja, fanyeni kama Ligi ya Mabingwa Ulaya tangu msimu wa 2024/25: timu 36, mechi 8, wapinzani wawili kutoka kila chungu kati ya vinne. Kwa timu 12, tengeneza vyungu vitatu vya timu nne kwa ubora, kila timu icheze na wawili kutoka kila chungu, mmoja nyumbani na mmoja ugenini. Hizo ni mechi 6 kwa timu, 36 kwa jumla. Ndani ya chungu, A1 amkaribishe A2, A2 amkaribishe A3, A3 amkaribishe A4, A4 amkaribishe A1. Kati ya vyungu, A1 amkaribishe B1 na B1 amkaribishe A2, mzunguko uendelee hivyo hadi B4 amkaribishe A1. Fanya vivyo hivyo kwa B na C, na kwa C na A. Njia hii haifikii wote kukutana, lakini hakuna anayeweza kusema mwenzake alipewa vibonde watupu.

Kulingana pointi

Andikeni utaratibu kabla ya kura, mbandike kwenye ubao wa kila chuo. Kama wote wamekutana, kigezo cha kwanza kiwe matokeo ya timu zilizolingana zilipokutana. Zikiwa tatu, tengeneza msimamo mdogo wa mechi zao tu. Baada ya hapo tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Kuanza na tofauti ya mabao kuna ubaya wake: timu iliyokata tamaa raundi ya 6 inaweza kufungwa 9, na mabao hayo yakaamua ubingwa wa aliyebahatika kukutana nayo wiki hiyo.

Kama si wote waliokutana, jumlisha pointi za wapinzani wa kila timu, ukitoa zile walizozipata dhidi ya timu hiyo yenyewe. Usipozitoa, timu inanufaika kwa kufungwa. Na andikeni waziwazi kwamba zikilingana timu mbili zilizowahi kukutana, mechi yao inatangulia hesabu hiyo.

Viporo na siku ya mwisho

Ratiba nzuri huharibiwa na viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Timu yenye viporo viwili inacheza ikijua wenzake wamepata nini, na inachagua wakati majeruhi wake wamepona. Weka kanuni: kiporo kichezwe ndani ya siku 10, timu isiwe na zaidi ya kimoja, mwenyeji abaki yuleyule, na raundi ya 6 isianze kukiwa na kiporo chochote. Meli ikisitishwa, timu ya kisiwani isipokwe pointi mezani mradi ilete taarifa ya mamlaka ya kivuko. Wikendi ya akiba ni ya kazi hiyo. Timu ikijitoa kabla ya kufika nusu ya mechi zake, futa matokeo yake yote. Ikijitoa baadaye, waliobaki wapewe pointi 3 na mabao ambayo kanuni zenu zimetaja.

Mechi za raundi ya mwisho zinazogusa ubingwa zianze dakika ileile. Kombe la Dunia lilijifunza hili baada ya 1982, pale Ujerumani Magharibi na Austria zilipocheza zikijua matokeo ya mechi nyingine ya kundi, zikaridhika na 1–0 iliyozivusha zote mbili. Tangu 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Tafuteni viwanja viwili mapema, na kila kiwanja kiwe na kamisaa mwenye simu. Mechi moja ikichelewa kuanza, nyingine isubiri, na kipindi cha pili vilevile: kipenga kipulizwe pande zote mbili pale tu makamisaa wamekubaliana kwenye simu.