Mkono Upi, Sehemu Gani? Kuanza Anatomia kwa Vidole Vyako

Usiku mmoja nikiwa zamu, tulipokea fomu ya rufaa iliyoandikwa "kidonda mkono wa kulia". Tulijiandaa kushona kidole. Mama aliposhuka kwenye gari, kidonda kilikuwa karibu na kwapa. Kiswahili chetu huita mkono kila kitu kuanzia begani hadi ncha za vidole, na mguu kuanzia nyonga hadi unyayo. Nyumbani hilo halina neno. Kwenye faili la mgonjwa linachelewesha matibabu, ndiyo maana wanafunzi wangu wa uuguzi huanza hivi.

Hatua ya 1: Simama
Simama wima, uso mbele, mikono kando, viganja vimetazama mbele. Huu ndio mkao wa anatomia, na maelekezo yote huhesabiwa kutoka hapa hata kama mgonjwa amelala kifudifudi. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako uliyesimama mbele yake. Wanaoanza hukosea hapo kuliko popote, kwa hiyo mwombe ainue mkono wa kulia kabla hujaandika.

Hatua ya 2: Mstari wa katikati
Pitisha kidole kutoka kwenye paji la uso, puani, kitovuni, hadi kati ya miguu. Kilicho karibu na mstari huo kiko upande wa kati; kilicho mbali nao kiko pembeni. Tazama viganja vyako sasa: dole gumba liko pembeni, kidole cha mwisho upande wa kati. Juu ni kuelekea kichwani. Kwenye mikono na miguu sema pia karibu na kiwiliwili au mbali nacho. Ukijua kuwa kigasha ni sehemu kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, sasa unaweza kuandika: "jeraha la kukatwa, urefu sentimita 3, mbele ya kigasha cha kulia, sentimita 5 juu ya kifundo cha mkono, upande wa dole gumba." Atakayelisoma hahitaji kukupigia simu.

Hatua ya 3: Tumbo
Chora mistari miwili inayokatana kitovuni upate robo nne. Kulia juu kuna ini na kifuko cha nyongo, kushoto juu kuna wengu. Kulia chini ndiko kwenye kidole tumbo. Maumivu yake mara nyingi huanzia kuzunguka kitovu, kisha yakahamia huko. Mwaka 1889 daktari mpasuaji Charles McBurney wa New York alieleza mahali yanapokolea: tafuta mfupa unaochomoza mbele ya nyonga ya kulia, uende kuelekea kitovuni theluthi moja ya njia.

Mgonjwa akisema "moyo unauma", mwombe aonyeshe kwa kidole kimoja. Mara nyingi kidole hutua kwenye chembe ya moyo, pale chini ya mfupa wa kifua. Andika hapo, lakini usiusahau moyo wenyewe, kwani maumivu yake nayo huweza kusikika hapo hapo.

Hatua ya 4: Bucha
Nunua kongoro la mbuzi lililobabuliwa manyoya, ngozi ikiwepo, na kipande cha paja. Humo utaona aina nne za tishu, yaani makundi ya seli zinazofanya kazi pamoja. Tabaka la juu la ngozi ni epitheliamu, tishu ya kufunika. Nyama nyekundu ni tishu ya misuli. Sasa pasua ngozi ya kongoro, shika kano nyeupe inayong'aa, uivute: kwato itajikunja mbele ya macho yako. Kano ni tishu unganishi, sawa na mafuta, mfupa na hata damu. Fungua kiungo uguse gegedu laini inayofunika ncha za mifupa, yenye weupe wa kibuluu. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikiumia hupona polepole. Kwenye paja tafuta uzi mweupe, mlaini kuliko kano, unaopita kati ya misuli. Huo ni mshipa wa fahamu, tishu ya nne.

Hatua ya 5: Unganisha
Mwombe mwenzako alale kifudifudi. Ligawe tako la kulia robo nne, juu ya nguo. Sindano ya msuli ikichomwa takoni huingia robo ya juu ya pembeni, kwa sababu mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu hupita chini zaidi, upande wa kati. Weka kidole hapo, useme kwa sauti sindano itapita wapi: ngozi, mafuta, msuli. Kisha sema kulia ni kupi, ukikumbuka amekupa mgongo.