Simulesheni Kabla ya Bisibisi: Kumfundisha Mwanafunzi wa Umeme

Mwanafunzi wa umeme hapa Tanga akienda mazoezini katika kiwanda cha mkonge atakutana na mota ya korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, na pale kosa la waya mmoja linaweza kumgharimu maisha. Ndiyo maana napendelea makosa yake ya mwanzo ayafanye kwenye skrini, mradi somo lipangwe ili makosa hayo yamfundishe.

Simulesheni za PhET, yaani majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, hutolewa bure na zikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti, nafuu kubwa kwa darasa linalotegemea bando. Hata hivyo, kompyuta isiguswe kwanza. Wanafunzi wachore daftarini saketi ya betri ya volti 9 na balbu ya omu 10, wakokotoe mkondo, yaani ampea 0.9, kisha ndipo waijenge na kuipima kwa amita ya kwenye skrini. Kabla ya kuongeza balbu ya pili kama hiyo kwa mfuatano, kila mmoja aandike anachotarajia. Mkondo utashuka hadi ampea 0.45. Aliyeandika 1.8 aeleze alivyofikiri, nawe usimkatize kumsahihisha, kwa kuwa katika maelezo yake utaona alipopotea.

Halafu waunganishe ncha mbili za betri kwa waya mtupu. Moto utawaka juu ya betri, na hapo, wakiwa bado wameukodolea macho, zungumzia fyuzi na volti 230 za majumbani kwetu.

Wawili kwa kompyuta moja wanatosha, wakipokezana.

Siku hiyohiyo wahamie kwenye ubao wa mazoezi, kwa sababu kwenye skrini hakuna skrubu iliyolegea, ilhali kiungo kilicholegea ndicho kinachopata joto na kuunguza soketi. Mwanafunzi amenye waya bila kuikata shaba, akaze skrubu, kisha auvute waya kidogo kuhakikisha umeshika. Kabla ya kugusa saketi, azime kikata umeme chake, aijaribu testa kwenye soketi nyingine yenye umeme, apime saketi aliyoizima, kisha airudie soketi ile ya kwanza, maana testa mbovu haitawaka hata penye umeme.

Wakishazoea, zima umeme, legeza waya mmoja wasipokuona, uwape maltimita, yaani kipimo cha umeme, wautafute, nawe usiwaonyeshe hata kwa jicho ulipoulegeza.