Kupika mafuta ya mwarobaini nyumbani kwa njia ya Ayurveda

Mafuta ya mwarobaini ya vichupani mengi yamekamuliwa kwenye mbegu, makali hayo na yananuka, ukiyapaka hivihivi ngozi inaweza kuwasha. Leo tunapika ya majani, kwenye Ayurveda, yaani tiba ya asili ya India, wanaita taila. Mimi nayatumia kwa mba na ngozi inayowasha, ukurutu mkali au vidonda we nenda hospitali tu.

Kwanza hakikisha mti wenyewe. Kuna mmelia, unafanana sana na mwarobaini na matunda yake ni sumu. Angalia jani: la mwarobaini vijani vimepangwa huku na huku kwenye kijiti kimoja, basi, vina meno kama msumeno. Ukiona kijiti kimegawanyika tena vijiti vingine vidogo, huo siyo.

Kipimo cha zamani ni sehemu 1 ya majani yaliyotwangwa, 4 za mafuta, 16 za maji ya majani. Kwa nyumbani gramu 50, mililita 200 na mililita 800, inatosha sana usipike ndoo nzima.

Chemsha majani mengine kwenye lita moja na nusu ya maji mpaka yabaki hizo 800, chuja. Zile gramu 50 twanga kwenye kinu ziwe laini kabisa.

Mafuta gani sasa? Kwenye Ayurveda mwarobaini unahesabiwa wa baridi na unakausha, na ufuta ni wa joto, kwa hiyo kama ngozi yako ni kavu weka ufuta, kama kichwa kinawaka waka weka nazi, kule Kerala, kusini mwa India, ndo wanavyopenda.

Changanya vyote kwenye sufuria nzito, moto mdogo, koroga usiache majani yagande chini. Hapa ndo watu wanaharakisha wanaharibu, wanaongeza moto majani yanaungua mafuta yananuka moshi. Vitabu vya kale vinasema hata usimalize siku moja, unaweza kuzima ukaendelea kesho. Mwanzo itatokota kwa kelele sababu ya maji, baadaye kelele inapungua na povu linaanza kupanda juu. Chota majani kidogo, yapoe, yasokote kwa vidole: yakishikana kama utambi chomeka kwenye moto. Yakilia chrr chrr bado yana maji, endelea. Yakiwaka kimya, ipua hapohapo, chuja kwa kitambaa yakiwa ya moto ila angalia mikono, weka kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa maana maji yakibaki yanachacha.

Kabla ya kupaka jaribu kwenye kiwiko kwa ndani, subiri mpaka kesho yake. Kichwani paka kwenye ngozi siyo kwenye nywele, kaa nusu saa hivi ndo uoshe, na shampuu utarudia mara mbili, hiyo harufu haitoki kirahisi.

Na tafadhali hayanywewi. Watoto wadogo wamewahi kupata degedege kwa kunyweshwa mafuta ya mbegu. Mjamzito au anayetafuta mimba asinywe mwarobaini wa aina yoyote, na anayetumia dawa za sukari aongee na daktari kwanza kabla ya kunywa hata yale maji ya majani, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.