Somo: Kuchonga wembe wa obsidiani ya Eburru

Mlima Eburru, juu ya Naivasha, ulikuwa ghala la mawe la wafugaji wa utamaduni wa Elmenteita, walioishi kusini magharibi mwa Kenya takriban miaka 3,000 iliyopita. Huko walifuata obsidiani, lava iliyopoa ikawa kioo, ili kuchonga nyembe, yaani vibanzi virefu vyembamba vyenye makali. Kazi yao ilikwenda hivi.

1. Chagua bonge jeusi lisilo na mapovu wala madoa meupe. Ligonge taratibu. Bonge zima hulia kama chungu kizima. Lenye ufa hulia butu. Liache hilo hata likipendeza.

2. Bandua ganda, kisha tengeneza uso bapa wa kugongea. Kati ya uso huo na ubavu, pembe iwe chini kidogo ya digrii 90. Ikizidi hapo, jiwe halitoi kibanzi, linapondeka tu.

3. Sugua ukingo kwa jiwe lenye chembechembe. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo alama ya mafundi wa Elmenteita: ukitazama kitako cha wembe wao utaona ukingo uliosagwa. Ukingo mwembamba usiposuguliwa hubomoka chini ya pigo, nguvu ikapotea kabla ya kuingia ndani.

4. Gonga juu ya tuta lililonyooka, yaani mgongo ulioinuka ubavuni mwa jiwe, kwa kuwa kibanzi hufuata tuta. Pigo likiwa dhaifu, kibanzi hukatika katikati na kuacha ngazi. Vibanzi vinavyofuata vitakwama kwenye ngazi hiyohiyo, kwa hiyo iondoe kwanza kwa kugonga kutoka upande wa pili.

5. Nyembe ndefu zilitumika zilivyo au zilikatwa vipande.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini wasitumie kwatzi, lile jiwe gumu la kawaida, ya karibu?
Waliitumia pia. Obsidiani hukata nyama na ngozi vizuri zaidi, lakini ikikutana na mfupa humeguka.

Tunajuaje jiwe limetoka wapi?
Kila chimbuko lina kiasi chake cha elementi kama zirkoni na rubidi, na mionzi ya eksirei huvipima. Ndivyo vipande vya pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, vilivyotambuliwa kuwa vya eneo la Naivasha, umbali wa takriban kilomita 300.

Naweza kujaribu mwenyewe?
Ndiyo, kwa miwani ya usalama na glavu za ngozi. Usiokote vibanzi vya kale. Sheria ya Kenya inavilinda. Tandika turubai chini na ubebe mabaki yote, maana vibanzi vipya vikichanganyika na vya kale huvuruga ushahidi.